Waya wa Betri na Kumbukumbu ya Kompyuta: Kuuweka Upya Mfumo wa Umeme wa Gari Nyumbani

Katika vitongoji vya pembezoni mwa Dar es Salaam, kuanzia Bunju na Tegeta upande wa Kinondoni hadi Mbagala, Kijichi na Chamazi upande wa Temeke, gari la kawaida ni Toyota au Nissan iliyotumika Japani kwa miaka kadhaa kabla ya kushushwa bandarini, na tiba ya kwanza inayopewa gari hilo taa ya injini inapowaka kwenye dashibodi ni kulegeza waya hasi wa betri kwa spana namba 10, kusubiri kidogo, kisha kuurudisha. Tiba hiyo haina gharama, ina manufaa yake, na mwenye gari anaweza kuifanya mwenyewe uani kwake. Ila mara nyingi hufanywa bila kufahamu ni nini hasa kinachotokea waya unapoondolewa, na matokeo yake ni kwamba gari likipona sifa hupewa jambo lisilohusika, na lisipopona lawama huiangukia kompyuta ambayo haina kosa lolote.

Kompyuta ya injini, ambayo mafundi wengi huiita kontroli boksi, ni kisanduku chenye saketi za kielektroniki kinachopokea taarifa kutoka kwenye sensa, yaani vipimo vidogo vya joto, hewa, mzunguko wa injini na oksijeni iliyobaki katika moshi, na kuamua kila mara ni petroli kiasi gani inyunyizwe na cheche itoke wakati gani. Kwa kuwa hesabu za kiwandani hazilingani kikamilifu na injini iliyokwisha kuchakaa, kompyuta hujifunza: ikiona kwa muda mrefu kwamba moshi una oksijeni kupita kiasi, huongeza petroli kwa asilimia fulani na kuihifadhi asilimia hiyo kama sahihisho la muda mrefu. Hujifunza pia sailensa, yaani mzunguko wa injini wakati gari limesimama na mguu hauko kwenye pedali, na huhifadhi namba za hitilafu kila sensa mojawapo inapotoa taarifa isiyoaminika. Katika magari mengi ya Japani ya miaka ya 1990 na ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, mambo hayo hukaa katika kumbukumbu inayoishi kwa umeme mdogo utokao kwenye betri hata ufunguo ukiwa umetolewa, na ndiyo maana kuukata umeme huo huyafuta. Katika magari ya karibuni sehemu kubwa ya namba hizo huandikwa katika kumbukumbu isiyohitaji umeme, kwa hiyo betri inaweza kukaa nje ya gari wiki nzima na taa bado ikawaka mara tu ufunguo unapozungushwa.

Hata hivyo, kufutika kwa kumbukumbu ni nusu tu ya kinachotokea. Fundi anapolegeza terminali, yaani kichwa cha waya kinachobana nguzo ya betri, kisha akaikwangua kidogo na kuikaza upya, amesafisha na kukaza kiungo ambacho pengine kilikuwa ndicho chanzo cha taabu yote. Hewa ya chumvi inayovuma Kunduchi, Mbweni na fukwe nyingine, pamoja na mvuke wa asidi unaotoka kwenye betri yenyewe, huacha juu ya nguzo unga mweupe au wa kijani usiopitisha umeme vizuri, na athari yake ni kubwa kuliko inavyoonekana kwa macho. Starta ya gari dogo hunyonya kwa urahisi ampea 150 inapozungusha injini. Kiungo chenye ukinzani wa omu 0.02 tu, ambao ni mdogo kiasi kwamba multimita ya kawaida haiwezi kuupima kwa uhakika, hupoteza volti 3 katika kiwango hicho cha mkondo. Betri nzima yenye volti 12 hubaki ikiipelekea starta na kompyuta volti 9 au chini ya hapo, na kompyuta iliyopungukiwa na volti inaweza kuandika hitilafu za sensa ambazo ni nzima kabisa. Gari la namna hii likipona baada ya waya kutolewa na kurudishwa, kilicholiponya ni msasa na spana, si kufutwa kwa kumbukumbu.

Tatizo hili huzidishwa na jambo linalowahusu hasa wenye magari madogo ya Japani. Betri nyingi zinazokuja na magari hayo zina nguzo nyembamba, ilhali betri inayonunuliwa badala yake huenda ikawa na nguzo nene, au kinyume chake, na badala ya kubadilisha terminali hupigiliwa kipande cha bati au msumari ili kuziba nafasi iliyobaki. Gari hutembea, lakini kila linapopita kwenye mashimo ya barabara za ndani kiungo hicho hutikisika na umeme kukatika kwa sehemu ya sekunde, jambo ambalo kwa kompyuta ni sawa na kuzimwa na kuwashwa ghafla. Mwenye gari asome maandishi ya betri kabla ya kununua nyingine: katika namba kama 46B24L, tarakimu za mwanzo zinahusu nguvu, herufi B ni kipimo cha upana na kimo, 24 ni urefu kwa sentimita, na L au R huonyesha nguzo zimepangwa upande gani, taarifa ambayo ikipuuzwa waya haufiki au, kwa bahati mbaya zaidi, chanya na hasi hubadilishana. Ikumbukwe pia kwamba nguzo chanya hutengenezwa ikiwa nene kidogo kuliko hasi, hivyo terminali inayoingia kwa kulazimishwa huenda iko upande usio wake.

Kwa sababu hizo zote, kazi inafaa kuanza kwa kutazama na kupima. Multimita ya bei nafuu inatosha. Gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, betri iliyojaa husoma takriban volti 12.6, iliyobaki nusu husoma karibu volti 12.2, na inayosoma chini ya volti 12 ina upungufu ambao hakuna kufuta kumbukumbu kutakakouondoa. Injini ikiwashwa, kipimo kwenye nguzo zilezile kipande hadi kati ya volti 13.5 na 14.5, kwa kuwa hapo alteneta, yaani mashine inayozalisha umeme kwa kuzungushwa na mkanda wa injini, imeanza kuchaji. Kisipopanda, kasoro iko kwenye alteneta, mkanda au waya zake. Magari mapya zaidi ambayo kompyuta yake hudhibiti uchaji yanaweza kuonyesha kiasi cha chini kwa muda na hayo si ugonjwa. Kipimo cha tatu, ambacho mafundi wachache hukifanya ingawa ndicho chenye maana zaidi, ni kuweka ncha moja ya multimita kwenye nguzo hasi na nyingine kwenye chuma cha injini wakati msaidizi anapiga starta: ikisoma zaidi ya nusu volti, waya wa ethi, yaani ule unaounganisha betri na bodi pamoja na injini, umechoka au umelegea.

Pia namba ya hitilafu isomwe kabla haijafutwa. Wengi huiona taa ya injini kama kero ya kuzimwa, ilhali ni tangazo kwamba kuna maandishi ndani, na pamoja na namba yenyewe kompyuta nyingi huhifadhi hali ilivyokuwa wakati hitilafu ilipotokea, yaani joto la injini, mwendo na mzigo, taarifa ambazo fundi makini huzithamini kuliko maelezo ya mdomo. Vifaa vidogo vya bluetooth vinavyochomekwa kwenye soketi ya pini 16 chini ya usukani huonyesha namba hizo kwenye simu, lakini mnunuzi afahamu mipaka yake. Marekani ililazimisha mfumo huo kwa magari ya modeli ya 1996, Umoja wa Ulaya kwa magari mapya ya petroli kuanzia 2001, na Japani ikaja na sharti lake mwaka 2008; gari lililotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani mwaka 2003 linaweza kuwa na soketi ya umbo lilelile huku kompyuta yake ikizungumza lugha ambayo kifaa cha simu hakiielewi. Kwa Toyota za namna hiyo mafundi huunganisha pini ya 4 na ya 13 kwa kipande cha waya, ufunguo ukawashwa bila injini, na taa ikahesabu namba kwa kumeta: mara mbili, kituo, kisha mara moja, ni namba 21, ambayo katika Toyota za zamani huihusu sensa ya oksijeni. Asiyekuwa na uhakika wa mpangilio wa pini aiache njia hii, kwa kuwa pini ya 16 katika soketi hiyo hubeba umeme wa betri moja kwa moja.

Namba ikishajulikana, mara nyingi uamuzi huwa rahisi. P0171 husema kwamba hewa ni nyingi kuliko petroli, na kisa chake huwa mpira wa hewa uliopasuka, sensa ya hewa iliyochafuka au pampu ya mafuta iliyodhoofika. Kuifuta ni kuiahirisha tu. P0420 huyahusu masega, yaani kifaa cha kusafishia moshi kilichomo katika ekzosti, na kwa gari ambalo masega yake yalikwisha kung'olewa na kuuzwa, hakuna idadi ya kutoa waya wa betri itakayoizuia taa isirudi. Taa inayometa badala ya kuwaka tulivu wakati gari linatembea ni jambo la dharura, kwa maana mojawapo ya silinda haichomi mafuta yake na petroli mbichi inaingia kwenye ekzosti. Gari lipunguziwe mwendo na kupelekwa kwa fundi siku hiyohiyo. Kufuta kuna maana palipo na sababu iliyokwisha kuondolewa: sensa imebadilishwa, throto, yaani mlango wa hewa, imesafishwa, terminali zimekazwa, au gari lilitiwa mafuta machafu ambayo yameshatumika yakaisha.

Utaratibu wenyewe ni mfupi lakini kila hatua ina sababu yake. Gari lizimwe, ufunguo utolewe na kuwekwa mfukoni, vioo vishushwe au mlango mmoja uachwe wazi ili mwenye gari asijifungie nje, na pete na saa za chuma zivuliwe. Waya hasi ndio utolewe kwanza na kurudishwa wa mwisho, kwa sababu bodi nzima ya gari imeunganishwa na upande huo: spana ikiteleza na kugusa bodi wakati wa kulegeza hasi, hakuna kitu, lakini ikiwa hasi bado imefungwa na spana iliyoko kwenye chanya ikagusa bodi, mkondo wa mamia ya ampea hupita ndani ya spana hiyo na kutoa cheche karibu na betri ambayo, hasa ikiwa imetoka kuchajiwa, imezungukwa na gesi ya hidrojeni inayolipuka. Kwa sababu hiyohiyo sigara na kiberiti vikae mbali. Baada ya waya kutolewa, pedali ya breki ikanyagwe kwa sekunde chache ili taa za breki zimalize umeme uliobaki katika kapasita, ambavyo ni vihifadhi vidogo vya umeme ndani ya saketi, kisha gari liachwe kwa robo saa. Wapo wanaotoa nyaya zote mbili na kugusanisha ncha zake kwa lengo hilohilo. Pedali ya breki inatosha na haina hatari ya mtu kukosea ncha. Yeyote anayekusudia kugusa usukani au mifuko ya hewa ya usalama asubiri angalau sekunde 90 zinazotajwa katika miongozo ya Toyota, kwa kuwa mifuko hiyo ina akiba yake ya umeme.

Robo saa hiyo isipotee bure. Unga wa kwenye nguzo huondolewa kwa maji yaliyochanganywa na magadi soda, ambayo huidhoofisha asidi, kwa uangalifu yasiingie ndani ya vizibo vya betri. Kisha nguzo na terminali hukaushwa, husuguliwa kwa msasa hadi risasi ing'ae, hukazwa, na hapo ndipo hupakwa grisi kwa nje, si kabla ya kukaza. Asidi ikigusa ngozi au jicho, dawa ni maji safi mengi kwa muda mrefu, na jicho lipelekwe hospitali hata kama maumivu yametulia. Soda ya chupa inayomwagwa na baadhi ya mafundi husafisha kweli, lakini huacha sukari inayonasa vumbi.

Kwa Toyota za zamani ipo njia ya upole zaidi, nayo ni kuchomoa fyuzi iliyoandikwa EFI katika kisanduku cha fyuzi chini ya boneti. Hiyo hukata umeme wa kumbukumbu ya injini peke yake, ikaacha redio, saa na vioo bila kuguswa, na dakika moja au mbili katika joto la Dar es Salaam hutosha. Fyuzi irudishwe ileile au nyingine ya ampea sawa, ambapo rangi husaidia: nyekundu ni ampea 10, bluu 15, njano 20 na kijani 30. Karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara iliyozungushwa kwenye fyuzi iliyoungua si fyuzi. Ikitokea hitilafu, kitakachoungua badala yake ni waya ndani ya dashibodi.

Anayeamua kutoa waya wa betri ajue atakachokipoteza, kwa kuwa hapa ndipo malalamiko mengi huzaliwa. Redio nyingi za Japani zenye ramani hujifunga umeme unapokatika na kudai kadi au namba ya siri iliyobaki kwa mmiliki wa kwanza huko Japani, na hakuna fundi wa mtaani anayeweza kuikisia. Hasara hiyo hupunguzwa na ukweli kwamba redio za Japani zilitengenezwa kwa masafa ya megahezi 76 hadi 90, ambayo vituo vingi vya Dar es Salaam viko nje yake, lakini kioo hichohicho mara nyingi ndicho kinachoonyesha kamera ya nyuma, na hapo hasara huhisiwa. Vioo vya kupanda vyenyewe kwa mguso mmoja husahau mwisho wao. Katika Toyota nyingi hufundishwa upya kwa kupandisha kioo na kuishikilia swichi kwa sekunde kadhaa baada ya kufika juu. Saa hurudi mwanzo. Katika baadhi ya magari taa ya udhibiti wa utelezi huwaka hadi usukani uzungushwe kikamilifu kushoto na kulia.

Injini nayo huanza upya na hesabu za kiwandani, kwa hiyo siku ya kwanza sailensa inaweza kuwa juu, chini au ya kutetereka bila kuwepo ugonjwa mpya. Gari liwashwe likiwa na taa na kiyoyozi vimezimwa, liachwe lingurume bila kukanyagwa kwa takriban dakika kumi hadi lipate joto lake, kiyoyozi kiwashwe kwa dakika chache, kisha litembezwe. Nissan nyingi, hasa throto inaposafishwa pamoja na betri kutolewa, hubaki na sailensa ya juu hadi zifundishwe kwa mashine au kwa mpangilio maalumu wa ufunguo na pedali unaotofautiana kwa modeli. Kutembea ndani ya foleni ya Mbagala hakutoshi kuifundisha kompyuta, kwa kuwa huhitaji mwendo wa aina tofauti. Safari ya asubuhi na mapema kutoka Tegeta kuelekea Bagamoyo, au kutoka Mbagala kuelekea Mkuranga, huipa nafasi ya kurudia vipimo vyake vyote, na taa isiporudi baada ya safari kama hiyo kuna sababu ya kuamini kwamba tatizo limeondoka.

Yapo mambo ambayo hayafai kufanywa nyumbani kabisa. La kwanza ni desturi, iliyorithiwa kutoka enzi za magari yasiyo na kompyuta, ya kutoa terminali wakati injini inanguruma ili kuona kama alteneta inafanya kazi: betri inapoondolewa ghafla, alteneta hurusha volti zinazoweza kupita 40 kwa muda mfupi mno, na muda huo unatosha kuua kompyuta yenye thamani kubwa kuliko alteneta yenyewe. Multimita hutoa jibu lilelile bila hatari. La pili linahusu magari ya haibridi kama Prius na Aqua, ambayo mbali na betri ndogo ya volti 12 yana betri kubwa, ya volti 201.6 katika Prius za kizazi cha pili na cha tatu na ya volti 144 katika Aqua ya awali, na nyaya zake za rangi ya chungwa haziguswi na mtu asiyefunzwa. Betri ndogo ya gari hilo inaweza kutolewa, lakini katika Prius nyingi iko kwenye buti linalofunguka kwa umeme, hivyo buti lisifungwe ikiwa nje. La tatu ni gari lililoingiwa na maji wakati wa masika: waya hasi utolewe mapema, lakini usirudishwe kwa kujaribu, maana viunganishi na wakati mwingine kompyuta yenyewe huwa chini ya zulia la abiria, na umeme ukipita katika maji machafu huila shaba kwa kasi.

Gari ambalo betri yake huisha usiku baada ya usiku lina swali jingine, nalo ni nani anayekunywa umeme wakati wote wamelala. Alamu, redio za kubandika na vifaa vya kufuatilia gari kwa setilaiti vilivyounganishwa ovyo ndivyo washukiwa wa kwanza. Multimita iliyowekwa kwenye ampea 10, kati ya nguzo hasi na waya wake, milango ikiwa imefungwa na nusu saa ikiwa imepita, inapaswa kusoma takriban miliampea 50 au pungufu. Kwa kiwango hicho betri ya ampea-saa 45 ingehitaji zaidi ya mwezi kuisha, ilhali kwa miliampea 500 huisha katika muda usiofika siku nne. Fyuzi zichomolewe moja baada ya nyingine hadi kipimo kishuke, na saketi ya fyuzi hiyo ndiyo yenye mshukiwa. Starta isipigwe wakati multimita imeunganishwa hivyo, la sivyo multimita itaungua.

Taa inaporudi na namba ileile kwa mara ya pili, kazi ya nyumbani imefika mwisho wake na kinachofuata ni fundi wa umeme wa magari, taaluma inayofundishwa na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ambayo chuo chake cha Chang'ombe kiko Temeke kwenyewe. Fundi huyo apelekewe karatasi yenye namba iliyosomwa kabla ya kufutwa, volti za betri gari likiwa limezimwa na likiwa limewashwa, tarehe ambayo kumbukumbu ilifutwa, kilichobadilishwa siku hiyo, na kilomita zilizotembewa kabla taa haijawaka tena.